KUPASUA MAWE KWA BARUTI PASIPO KUDHURU JIRANI
Somo kwa watu wa Mombasa na wote wakaao karibu na matimbo ya mawe

Mji wa Mombasa ni mji wa mawe. Kisiwa chenyewe ni mwamba, na kuta za nyumba zake za kale zimetokana na mwamba ule ule. Apitaye Ndia Kuu katika Mji wa Kale ataona kuta nene za mawe na chokaa, na akifika Ngomeni ataona boma ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka 1593 na kulimaliza mwaka 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Handaki ya boma hilo ilichongwa ndani ya mwamba, na mahali pengine sehemu ya chini ya ukuta ni mwamba wenyewe uliokatwa ukasimama.

Kazi hiyo yote ilifanywa kwa mtaimbo, tindo na nyundo. Baruti ya bunduki na mizinga ilikuwapo, lakini moja ya habari za mwanzo zijulikanazo sana Ulaya za kutumia baruti kupasua mwamba machimboni ni ya mwaka 1627, yaani miaka thelathini na zaidi baada ya ngome kwisha. Siku hizi mambo ni mengine. Mawe yanatakiwa kwa nyumba, kwa barabara, kwa magati na kwa reli, kama ilivyokuwa reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipojengwa tangu mwaka 2014 hata mwaka 2017. Mkono na mtaimbo havitoshi tena, na palipo na mwamba mgumu mtu hutumia baruti.

Hapo ndipo neno la somo letu. Baruti ile ile itupatiayo jiwe la kujengea nyumba mpya yaweza kutia ufa nyumba iliyokwisha kujengwa, au kurusha jiwe likamwangukia mtoto njiani. Watu wengi husema, "Ajali haina kinga." Lakini katika kazi ya timbo ajali nyingi zina kinga, na kinga yake ni mpango uliofanywa kabla ya utambi kuwashwa. Yafaa mwenye timbo, mfanyakazi wake na jirani yake, wote watatu, waujue mpango huo.

JIWE LETU NI JIWE GANI

Mwamba wa kisiwa cha Mombasa, na wa ukanda wa pwani kuelekea Malindi na kuelekea Vanga, ni matumbawe ya zamani. Zamani hizo, yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko sasa, na wadudu wa matumbawe walijenga miamba yao chini ya maji. Maji yalipopungua miamba ile ilibaki nchi kavu ikawa mawe.

Jiwe hili lina tabia mbili ambazo hapana budi kuzijua. Tabia ya kwanza ni kwamba si moja kila mahali. Mahali pengine ni laini hata hukatika kwa msumeno au shoka, mahali pengine ni gumu. Tabia ya pili ni kwamba lina matundu na mapango. Maji ya mvua huyeyusha mawe ya chokaa kidogo kidogo kwa miaka mingi, yakaacha nafasi tupu ndani. Mtu aliyechimba kisima pwani ajua jambo hili vizuri: mtaimbo unapiga jiwe, mara unazama.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpango si "Tutie baruti kiasi gani?" Swali la kwanza ni "Je, baruti yahitajiwa?" Mabande ya kujengea yakatwayo matimboni pwani hayataki baruti. Jiwe laini likipigwa na baruti huingia nyufa ndogo ndogo zisizoonekana, na bande la namna hiyo huvunjika njiani au ukutani. Hukatwa kwa mkono au kwa mashine yenye msumeno. Baruti hufaa pale mwamba ulipo mgumu na jiwe linalotakiwa ni la kusagwa: kwa kokoto, kwa chokaa, au kwa saruji. Kule Bamburi, kaskazini ya kisiwa, kampuni ya saruji iliyoanzishwa mwaka 1951 ilianza kutoa saruji mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa matumbawe hayo hayo. Na huko juu karibu na Mazeras, ambako mwamba ni wa mchanga ulioshikamana, kuna mahali paitwapo Kokotoni. Jina lenyewe latuambia kazi ya mahali pale.

BARUTI HUFANYA NINI NDANI YA MWAMBA

Zamani neno baruti lilikuwa na maana ya unga mweusi tu. Siku hizi twaliita kwa jina hilo kila kitu cha kulipulia. Mwaka 1831 Mwingereza William Bickford alitengeneza utambi wa salama, uwakao kwa mwendo ujulikanao, ili mtu apate nafasi ya kuondoka. Mwaka 1867 Alfred Nobel wa Sweden alipewa hati ya dinamiti. Baada ya hapo zikaja fataki za umeme, na baadaye fataki zisizotumia umeme, na sasa ziko ambazo saa yake hupangwa kwa mtambo mdogo ulio ndani yake.

Baruti iwakapo ndani ya tundu lililotobolewa katika mwamba, mambo mawili hutokea kwa upesi mno. Kwanza mwamba hupigwa kishindo, ukaingia nyufa pande zote za tundu. Pili moshi wenye nguvu kubwa hujaa nyufa zile na kuusukuma mwamba mbele, ukaanguka. Nguvu itumikayo kuvunja jiwe na kulisukuma ni faida. Nguvu isiyotumika hivyo haipotei bure. Hutoka kwa njia nne: mtikisiko upitao ardhini, mshindo upitao hewani, mawe yarukayo, na vumbi pamoja na moshi wenye sumu.

Basi yafaa kukumbuka kanuni hii: mlipuko unaosikika sana na kutikisa sana si mlipuko mzuri. Ni nguvu iliyopotea. Fundi hodari wa baruti hajulikani kwa kishindo, hujulikana kwa jiwe lililovunjika sawasawa na kulala chini mbele ya timbo. Kwa sababu hiyo faida ya mwenye timbo na salama ya jirani hazigombani. Baruti iliyopotea hewani ilinunuliwa kwa fedha.

HATUA ZA MPANGO

1. Ramani na majirani. Kabla ya kutoboa tundu lo lote, mwenye timbo achore ramani ya mahali. Aonyeshe nyumba, shule, msikiti, kanisa, hospitali, visima, njia za watu, nguzo za umeme na mabomba ya maji, na umbali wa kila kimoja. Jengo la kuangaliwa kwanza ni lile lililo karibu zaidi na lile lililo dhaifu zaidi, na mara nyingine hayo si jengo moja.

2. Kuutazama mwamba. Fundi autazame uso wa mwamba kwa makini, aandike palipo na ufa, udongo au pango. Wakati wa kutoboa, mtoboaji asikilize na kuona: keekee ikizama ghafula, pale pana nafasi tupu, naye aandike kina chake. Katika matumbawe yetu hatua hii ni kubwa kuliko zote. Baruti ya unga au ya majimaji ikimiminwa katika tundu lililokutana na pango, itajaa pango, na mahali palipotakiwa kilo chache patakuwa na kilo nyingi. Hapo mawe huruka mbali kuliko mtu ye yote alivyotazamia. Fundi apime kimo cha baruti katika tundu kila anapotia kiasi. Akiona amemimina nyingi na kimo hakipandi, aache mara moja.

3. Unene wa mbele na kizibo. Unene wa mbele ni mwamba ulio kati ya tundu na uso wa timbo. Ukiwa mwembamba mno, baruti huupasua kama karatasi na mawe kurushwa mbele. Ukiwa mnene mno, baruti hushindwa kuusukuma, na nguvu yote hurudi nyuma na chini, yaani huwa mtikisiko. Kizibo ni kifusi kinachojazwa juu ya baruti ili moshi usitoke mdomoni. Watu wengi hutumia vumbi la keekee kwa kuwa liko karibu, lakini kokoto ndogo zenye ncha hushika vizuri zaidi. Kizibo kifupi ni kama bunduki iliyoelekezwa juu.

4. Uzito wa baruti kwa mara moja. Jambo hili tutalifanyia hesabu hapa chini.

5. Siku na saa. Mlipuko ufanywe mchana, kwa saa ileile iliyotangazwa, ili watu wazoee na wasishtuke. Isiwe saa ya sala ya Ijumaa wala saa ya watoto kutoka shuleni. Asubuhi na mapema haifai, kwa sababu hewa ya chini ikiwa baridi na ya juu ikiwa na joto, mshindo hurudishwa chini ukasikika mbali. Upepo nao utazamwe: wakati wa kaskazi mshindo huelekea watu walio kusini ya timbo, na wakati wa kusi huelekea walio kaskazini. Mawingu ya radi yakionekana, watu wote waondoke kwenye matundu yaliyotiwa baruti, maana radi yaweza kuwasha fataki. Simu za mkononi na mitambo ya redio ziwekwe mbali na fataki za umeme kwa sababu hiyo hiyo.

6. Ulinzi. Mtu mmoja tu awe na amri ya kulipua. Njia zote za kuingia ziwe na walinzi wenye bendera nyekundu, na kila mlinzi ajibu kwamba upande wake hauna mtu. King'ora kilie kabla ya mlipuko, na kilie tena kwa namna nyingine baada ya hatari kwisha. Jirani afundishwe maana ya vilio hivyo viwili. Kilio kisichojulikana maana yake huwavuta watu kuja kutazama.

7. Kungoja na kukagua. Baada ya mlipuko mtu asiingie mpaka moshi umekwisha na fundi amekagua mwenyewe kwanza. Huenda tundu moja limegoma. Tundu lililogoma halichokolewi, halitobolewi tena, wala halivutwi nyaya. Hulindwa, na fundi mwenye hati ndiye aliye na ruhusa ya kulishughulikia.

8. Daftari. Kila mlipuko uandikwe: siku, saa, hesabu ya matundu, uzito, hali ya hewa, na kipimo cha mtikisiko. Timbo lisilo na daftari halina jambo la kumjibu jirani alalamikaye, wala halijifunzi.

HESABU YA UZITO NA UMBALI

Watu wengi hudhani kwamba mtikisiko hutokana na jumla ya baruti yote iliyotumika siku ile. Sivyo. Hutokana zaidi na uzito uwakao kwa wakati mmoja. Fundi akipanga fataki ziwake moja baada ya nyingine, kila moja ikichelewa sehemu 25 za elfu ya sekunde, sikio husikia mlipuko mmoja mrefu, lakini ardhi hupigwa mapigo madogo mengi mahali pa pigo moja kubwa. Kwa desturi ya kazi hii, baruti ziwakazo kwa tofauti isiyofika sehemu 8 za elfu ya sekunde huhesabiwa kuwa zimewaka pamoja.

Mtikisiko hupimwa kwa chombo kiwekwacho ardhini karibu na msingi wa nyumba. Chombo hicho huonyesha upesi wa ardhi inapotikisika, kwa milimita katika sekunde moja. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 juu ya kelele na mitikisiko zakataza mtikisiko uzidio nusu sentimita, yaani milimita 5 katika sekunde, nje ya mpaka wa mahali unapotoka. Angalia neno hilo: mpaka, si ukuta wa nyumba. Vipimo vya Wajerumani kwa majengo ya kale yaliyo dhaifu ni vikali zaidi: milimita 3 tu penye msingi, iwapo mtikisiko ni wa polepole.

Sasa tufanye hesabu. Iko kanuni iliyowekwa Marekani mwaka 1983 kwa machimbo ya makaa ya mawe, kwa umbali wa mita 100 hivi hata mita 1,500. Tukiigeuza katika mita na kilo, yasema hivi: chukua umbali kwa mita, gawanya kwa 25, kisha uzidishe jibu kwa nafsi yake. Utapata kilo za baruti ziwezazo kuwaka kwa mara moja pasipo kupima kwa chombo. Kwa umbali wa mita 500: 500 ukigawanya kwa 25 ni 20, na 20 mara 20 ni kilo 400.

Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa nyumba za kawaida na kwa mtikisiko usiozidi milimita 25 hivi. Nyumba za Mji wa Kale si za namna hiyo, wala sheria yetu hairuhusu kiasi hicho. Uchunguzi wa machimbo mengi umeonyesha kwamba, kwa uzito ule ule wa baruti, ukiongeza umbali mara mbili mtikisiko hupungua hata theluthi moja hivi ya ulivyokuwa. Ukiongeza mara mbili tena, yaani mara nne kwa jumla, hupungua hata sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo, ili kushuka kutoka milimita 25 hata karibu na milimita 3, hatugawanyi kwa 25, twagawanya kwa 100. Kwa kufikia milimita 5 za sheria yetu, twagawanya kwa 70 hivi.

Tazama tofauti yake kwa mita 500:
Ukigawanya kwa 25, wapata kilo 400.
Ukigawanya kwa 70, wapata kilo 51 hivi.
Ukigawanya kwa 100, wapata kilo 25.

Kwa mita 250, hesabu ya 100 hutoa kilo 6 na robo tu. Kwa mita 1,000 hutoa kilo 100. Msomaji ataona kwamba umbali ukipungua nusu, baruti hupungua hata robo. Nyumba zinapojengwa kulikaribia timbo, mpango wa miaka kumi iliyopita haufai tena, hata kama timbo halikusogea hata hatua moja.

Je, kilo 25 zatosha kazi? Zatosha, zikipangwa. Tuseme matundu 24, kila moja kilo 25, na kila moja likichelewa sehemu 25 za elfu ya sekunde baada ya mwenziwe. Jumla ni kilo 600, nayo yakwisha kwa muda upatao nusu sekunde na kidogo. Kilo hizo 600 zikiwashwa pamoja zitapita hata kile kipimo cha kwanza cha kilo 400. Zikiwashwa kwa zamu, nyumba iliyo mita 500 hupata pigo la kilo 25 tu. Baruti ni ile ile, mwamba ni ule ule. Kilichobadilika ni mpango.

Hesabu hizi ni za kuanzia. Mwamba wenye mapango haupitishi mtikisiko sawasawa na mwamba mzima. Kwa hiyo timbo lianze kwa uzito mdogo kuliko hesabu, lipime kwa chombo penye mpaka na penye nyumba ya karibu, kisha lijitungie kanuni yake kutokana na vipimo hivyo.

KWA NINI NYUMBA ZA KALE ZAHITAJI HURUMA ZAIDI

Ukuta wa Mji wa Kale umejengwa kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikwa na chokaa, na dari yake hulala juu ya boriti za mikoko. Chokaa hupumua na hukubali kusogea kidogo, na kwa sababu hiyo kuta zimesimama miaka mingi. Lakini ukuta hauna chuma ndani yake. Boriti ikioza mwishoni, au lipu ya saruji ikifungia unyevu ndani, ukuta hubaki mzito na dhaifu. Mtikisiko ambao nyumba mpya haiutambui waweza kumwaga kifusi kilichokuwa kimelegea.

Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Ngome ilitiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2011. Kazi ya baruti au ya nyundo kubwa za mashine karibu na majengo haya, iwe ya bandari, ya barabara au ya msingi wa ghorofa, haina budi kupelekwa kwanza kwa wanaohusika na hifadhi. Na palipo karibu mno pasipoweza kupata hesabu nzuri, jibu la haki ni kuacha baruti na kukata mwamba kwa mashine au kwa kabari.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Si kila ufa ni wa baruti. Chumvi ya bahari, mzizi wa mti, mfereji uvujao na boriti iliyooza hutia nyufa pia. Ndiyo maana nyumba zikaguliwe kabla ya kazi kuanza. Kila ufa upigwe picha pamoja na rula, tarehe iandikwe, na mwenye nyumba pamoja na mwenye timbo watie sahihi na kila mmoja abaki na nakala. Jirani aweza pia kugandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kwa chokaa au saruji, pande zote mbili. Kioo kikipasuka, ufa umesogea. Kikibaki kizima, umetulia. Njia hii ni rahisi, nayo huondoa ugomvi mwingi. Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nasi twaongeza kwamba usipouandika ufa, hutajua nani aujenge ukuta.

KUWEKA BARUTI, NA WATOTO WETU

Katika Kenya Sheria ya Baruti, sura ya 115, yataka hati kwa kununua, kuweka, kuchukua na kutumia vitu hivi. Watu huona hati kuwa usumbufu. Lakini tukumbuke mambo yaliyotokea. Tarehe 29 Aprili 2009 huko Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 huko Gongo la Mboto, ghala za silaha za jeshi zililipuka katika mji wa Dar es Salaam, na watu wakafa wakiwa majumbani mwao. Tarehe 4 Agosti 2020 katika bandari ya Beirut, tani 2,750 hivi za amonia naitreti, dawa itumikayo kwa mbolea na kwa baruti, zililipuka ghalani zilimokuwa zimewekwa kwa miaka, na watu zaidi ya 200 wakafariki. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa timbo, lakini funzo ni moja: kitu cha kulipuka kisichotunzwa hakimjui mwenyewe wala jirani.

Basi fataki ziwekwe mbali na baruti, kila moja katika ghala yake iliyofungwa. Zihesabiwe zikitoka na zikirudi. Hesabu isipolingana, kazi isimame mpaka ilingane. Fataki ni kitu kidogo king'aacho, nayo humvutia mtoto; ikilipuka mkononi huondoa vidole au macho. Wazazi wawafundishe watoto hivi: ukiona kijiti cha chuma chenye waya au mrija, usikiguse, usikipige jiwe, usikitie motoni. Simama mbali, uweke alama, ukamwite mtu mzima, naye akawaite polisi.

TIMBO LIKIISHA

Mpango mwema hauishi siku ya mlipuko wa mwisho. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji na mbu, na kuta zake huporomoka. Kule Bamburi, mwaka 1971, mtaalamu René Haller alianza kupanda miti katika timbo lililokwisha kuchimbwa. Alijaribu miti ya aina 26, na ni aina tatu tu zilizoshika, mmoja wao ukiwa mvinje. Majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza upesi, akaleta majongoo wayale na kuyageuza kuwa udongo. Leo mahali pale ni msitu wenye wanyama, na watu hulipa kiingilio ili kuutembelea.

KWA UFUPI

Jirani wa timbo ana haki ya kuuliza maneno matano: Nani fundi mwenye hati? Mtalipua saa ngapi? Kilo ngapi huwaka kwa mara moja? Mtikisiko umepimwa wapi, ukawa kiasi gani? Nyumba yangu imekaguliwa lini? Mwenye timbo aliye na mpango ataweza kuyajibu yote kwa kufungua daftari lake. Asiyeweza kujibu, jirani na apeleke habari kwa chifu, au kwa mamlaka ya mazingira, au kwa wakaguzi wa baruti, kwa maandishi yenye tarehe na saa. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini mabande laini hayakatwi kwa baruti?
2. Pango ndani ya matumbawe laweza kuleta hatari gani wakati wa kutia baruti?
3. Nyumba ya kale iko mita 800 kutoka timbo. Ukigawanya kwa 100, ni kilo ngapi zaweza kuwaka kwa mara moja? (Jibu: kilo 64.)
4. Taja sababu tatu za ufa zisizo za baruti, na ueleze jinsi ya kutambua kama ufa umesogea.